Chumba Kilichoitwa Bado

Nyumba yetu waliiita Bafuni. Wala hawakunong'ona. Mtu akiulizwa aendako alijibu kwamba anapitia Bafuni kuomba moto, na sisi tupo pale pale tunasikia. Mama alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi. Mimi sikucheka hata siku moja, maana nilikuwa na miaka kumi na mitatu na hasira zangu zilikuwa za karibu. Nimezeeka sasa, hasira sijaziacha, ila nyumba ile naisimulia kwa raha, kwa sababu sijapata kukaa tena katika nyumba iliyojengwa kwa kumfikiria mtu mmoja kiasi kile.

Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wangu, wa kike, mwenye miaka minane wakati ule. Wazazi wetu walizaa watano wakabakiwa na sisi wawili. Siku hizi mtoto wa namna yake akipelekwa hospitali wanasema ana usonji, na neno hilo nalipenda kwa kuwa halina tusi ndani yake. Zamani hatukuwa nalo. Tulikuwa na mengine: bubu, zuzu, karogwa, kapandwa na mashetani. Bubu hakuwa, maana maneno alikuwa nayo, labda kumi na tano, akayatumia atakavyo yeye. Zuzu ndiyo kabisa hakuwa. Ungelihamisha bakuli lake la uji kutoka upande mmoja wa jiko hadi mwingine, angegundua kabla hajakaa, na uji wenyewe asingeugusa.

Kabla ya mambo ya vijiji tuliishi peke yetu kwenye mikorosho, mwendo wa saa nzima kutoka pale Ruvuma unapotanuka na maji yake kuanza kuonja chumvi. Jirani wa karibu ungemwita kwa sauti yako yote asikusikie. Kule mdogo wangu hakuwa tatizo la mtu. Alikuwa akipanga korosho zenye maganda juu ya mchanga, mstari mmoja mrefu, zote zimelala upande mmoja, na kazi yangu ilikuwa kutozikanyaga. Akisikia mgeni anakuja anazunguka nyuma ya nyumba, anakaa huko mpaka amemzoea, kwa sauti au kwa harufu sijui, halafu anatokeza mwenyewe. Hakuna aliyemharakisha. Baba alikuwa akisema huyu ndiye mwenyeji hapa, sisi wengine tumepanga.

Kisha tukahamishwa. Mengi yamesemwa juu ya miaka ile, mazuri na mabaya, na mimi nina yangu ya pande zote mbili, lakini leo siyasemi. Amri ilikuja kwamba tukae pamoja, tulime pamoja, tupate shule na zahanati na kisima. Shule niliipenda tangu siku ya kwanza. Tulipewa kiwanja katika mstari wa tatu. Bwana shamba alipita na kamba na vigingi akichomeka: nyumba hapa, nyumba hapa, milango yote itazame barabara, na ukuta wa mtu usivuke kamba hata kwa hatua moja. Tukasimamisha vibanda vya nyasi vya muda, na kila kaya ikaambiwa ijenge nyumba ya kudumu, ya miti na udongo, kabla mvua hazijaanza.

Katikati ya kijiji palikuwa na mkwaju, na kwenye tawi la mkwaju lilitundikwa rimu la lori. Asubuhi lilipigwa kwa kipande cha chuma kuwaita watu shamba la ujamaa, mchana likapigwa tena, na jioni kama kuna tangazo. Ongeza vinu, maana kila nyumba ilitwanga mihogo wakati ule ule. Ongeza watoto, ongeza redio ya mwenyekiti, ongeza watu wanaopiga hodi huku wameshaingia. Mdogo wangu alikaa siku mbili ameziba masikio. Siku ya tatu rimu lilipolia, alikimbia.

Alikimbia mara tatu kwa mwezi ule. Mara ya kwanza nilimkuta kwenye mikorosho yetu ya zamani, na ya pili vilevile. Ya tatu hakuwepo huko. Kijiji kizima kiliacha palizi kikamtafuta kutwa, mpaka wanaume walipomkuta kwenye mikoko, maji yanajaa, yamemfika kifuani, naye ameshikilia mzizi na hatamki kitu. Mama alimpokea akamkagua mwili mzima, kidole kwa kidole. Baba alikaa chini mchangani. Sikuwahi kumwona baba akikaa chini mbele za watu namna ile, na niliona aibu kwa niaba yake.

Mkutano uliitishwa kesho yake. Siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, wamepoteza siku ya kazi, na waliogopa mtoto asije akafa maji akawa juu ya shingo zao. Mmoja alishauri afungwe kamba mguuni, kama alivyofungwa mtoto wa aina hiyo kule alikotoka yeye. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu aliyewahi kupakua mizigo bandarini Mtwara, alikataa papo hapo. Alisema mtu si mbuzi. Lakini alisema pia kwamba mtoto huyu ni wa hospitali. Mganga wa zahanati ataandika barua, na lori litakapokuja kuchukua korosho za kwanza za msimu litampeleka Mtwara mjini, pale atapandishwa meli, mpaka hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili huko bara, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Kama kabla ya hapo atakuwa ametulia, basi, tutazungumza. Akamuuliza baba kama anakubali. Baba alisema, "Nimekubali, Ndugu Mwenyekiti."

Mama hakumsemesha baba kwa siku nne. Na mimi, niseme ukweli ingawa unaniuma mpaka leo, nilifurahi. Kila alipokimbia nilitolewa darasani nikamtafute, na asipokimbia niliachishwa shule nimlinde asikimbie. Mwalimu alikuwa ameanza kunisahau kwenye orodha yake. Nilihesabu miezi kwa vidole, mitano, nikasema moyoni lori na lije.

Baba alikuwa na mkono mzuri wa kujenga, na alidhani atamwokoa mwanawe kwa mkono huo. Hoja yake ilikuwa fupi: kinachomkimbiza ni kelele, basi tuzifungie nje. Akajenga nyumba yenye chumba katikati kisicho na dirisha, kuta zake za fito safu mbili, udongo umeshindiliwa katikati, unene wa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Mlango wa mbao aliufuata mbali, Chikongola, kwa baiskeli ya kuazima akarudi nao mgongoni mwa baiskeli huku akitembea kwa miguu. Komeo akaliweka upande wa nje, ili mtoto asije akatoka rimu likilia. Alipomaliza kukandika alituita, akatuambia humu ndani hata radi hamtaisikia. Alikuwa na furaha, baba yangu, udongo umemkaukia mpaka kwenye nyusi.

Tulimwingiza mdogo wangu asubuhi moja kabla ya rimu. Kwa muda mfupi palikuwa kimya. Halafu tukasikia ukuta ukigongwa, na sauti yake ikisema bado, bado, bado. Baba alikuwa ameshika komeo. Alinigeukia akaniambia, "Anasema bado hajatulia. Tumwache kidogo." Ukuta ukazidi kugongwa. Mama alitoka uani mbio, akamsukuma baba na bega, akafungua. Ulikuwa ukigongwa kwa kichwa. Damu ilikuwa imemshuka mtoto mpaka kwenye kope, na mle ndani giza lilikuwa limejaa kiasi kwamba hakuwa akijua mlango uko upande gani. Baba hakuingia tena katika chumba kile. Tulikigeuza stoo ya mihogo.

Hilo neno, bado, lilikuwa limetuchosha sote. Njoo ndani: bado. Njoo ule: bado. Haya, tuondoke: bado. Tulijua tunachokijua, kwamba ni mkaidi, kwamba katika maneno yake machache amechagua moja la kutukatalia. Mimi niliwahi kumpiga kwa ajili ya neno hilo, kofi la mgongoni, kwa kuwa alilisema mlangoni mara kumi huku mvua inatunyeshea. Hakulia. Alisema bado.

Sasa nieleze bafu, maana bila bafu hakuna nyumba. Kila kaya ilikuwa na bafu lake uani, la makuti, lisilo na paa wala mlango. Unaingia, ukuta wa makuti unakukabili, unakata kona, unaingia pa kuogea. Ile kona ndiyo mlango wenyewe. Aliye ndani haonekani, na aliye nje hafungiwi. La kwetu lilikuwa halijakamilika, tulining'iniza gunia tu. La jirani lilikuwa zuri. Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyevuka Ruvuma na mumewe wakikimbia vita vya Msumbiji, mama mwenye mdomo wa haraka na moyo usiokaa na kitu, na kila siku alikuwa akinipigia kelele kutoka upande wa pili wa ua nikamtoe ntoto wetu, yeye anataka kuoga. Mdogo wangu alikuwa amelihamia bafu lake.

Nilimtoa kwa kumvuta siku tano au sita. Siku ya saba nilikuwa nimechoka, nimetoka shambani, jua la mchana liko juu, nikaona liwalo na liwe, nikaingia nikakaa juu ya jiwe la kuogea. Yeye hakuwa pale penye maji. Alikuwa amesimama kwenye kona, bega limegusa makuti, jicho moja ameliweka kwenye upenyo. Mara akaziba masikio. Nikashangaa, maana palikuwa kimya. Halafu rimu likalia.

Nilingoja aruke, hakuruka. Nikasimama nikachungulia juu ya kichwa chake, kwenye upenyo ule ule. Ulikuwa unatazama moja kwa moja kwenye mkwaju. Ulikuwa unamwona mpigaji anavyoinua mkono kabla chuma hakijagusa rimu. Mkono ukainuka, mdogo wangu akasema polepole, bado, na sauti ikaja. Mkono ukainuka tena, akasema bado, ikaja tena. Mpigaji alipokitundika chuma chake na kuondoka, yeye aliendelea kusimama, akasema bado mara moja ya mwisho, akashusha mikono, akakata kona, akapita mbele yangu, akaenda nyumbani kwa miguu yake bila kuvutwa na mtu. Nilibaki bafuni kwa watu peke yangu nimeduwaa.

Nilimkuta mama anamenya mihogo nikamweleza yote kwa pumzi moja. Kisu chake kilisimama. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha neno hilo." Akanieleza kwamba mtoto alipokuwa mdogo kabisa, akililia uji uliokuwa jikoni, yeye alikuwa akimwambia bado, na papo hapo ananyamaza, anakaa kuutazama moto. Kwa mtoto yule bado haikuwa kukataa. Ilikuwa na maana kwamba kitu kinakuja, hakijafika, na wewe una nafasi ya kukisubiri. "Siku zote hizi anatuomba tumngoje," mama alisema, "na sisi tunamvuta mkono. Hata mgeni hupiga hodi akasimama mpaka aitikiwe. Huyu hodi yake ni ndefu tu."

Halafu akalia, mihogo mapajani, na mimi nikalia naye kwa sababu ya lile kofi.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba, alisikia kila neno. Asubuhi yake nikamwona anazunguka bafu la jirani, anapima kwa hatua, anaingia, anatoka, anakata kona, anarudi nyuma. Kwa bahati mbaya sikuwa peke yangu niliyemwona. Mume wa jirani alitokeza na jembe begani akamuuliza, kwa adabu lakini jembe likiwa limeshashuka begani, ni kitu gani anachokitafuta katika bafu la mke wake. Baba akajibu kwamba anapima kona. Jibu hilo lilizunguka kijiji kizima kabla ya saa sita. Mpaka leo nikikutana na wazee wa kule waliobaki, kuna mmoja haachi kuniuliza kama baba alipata vipimo vyake.

Alivipata. Mwanzoni alitaka kuiweka kona hiyo mbele ya nyumba, akasimamisha nguzo, bwana shamba akaja na kamba yake, akakuta zimevuka mstari kwa hatua mbili, akamwamuru azing'oe. Baba akazing'oa. Nyuma kulikuwa na choo na shimo la taka. Pakabaki ndani tu, na ndani kulikuwa na chumba kimoja cha mbele kinachopakana na barabara, chumba cha wazazi wenyewe. Baba alimtazama mama. Mama alisema kulala mtu analala popote. Wakakibomoa chumba chao, na tangu siku ile walilala sebuleni, kwenye kitanda cha kamba kilichotolewa nje kila asubuhi. Hawakupata chumba tena mpaka nilipoolewa nikawaachia changu.

Mahali hapo tulipaita Bado. Ukiingia kutoka barabarani ukuta ulikukabili, ukakata kona mkono wa kulia, ukatembea hatua tano katika upana wa mtu mmoja, ukakata kona nyingine, ndipo ukawa sebuleni. Mlango wa mbao haukuwepo. Upande wa pili palikuwa na njia ya kutokea uani, kwa sababu mama alisema mtu anayejua pa kutokea hana haja ya kukimbia. Ukuta ulikuwa wa udongo mpaka kiunoni, na juu yake makuti mazito, mabichi, ambayo sauti ikiyapiga inazama. Chini tulimwaga mchanga laini wa pwani, nikaubeba mimi kwa kikapu, safari sijui ngapi, maana tulikuwa tumeona anavyotuliza nyayo zake mchangani. Kwenye makuti, kimo cha jicho lake, baba alitoboa tundu la ukubwa wa kifuu linalotazama mkwaju, na jingine chini kidogo linalotazama njia ya wageni. Chokaa hatukupaka. Jua likigonga chokaa alikuwa anafumba macho.

Mengine yalikuja taratibu. Mama alihamishia kinu nyuma, akakiweka juu ya magunia. Kila chombo kilichorewa mahali pake ukutani kwa mkaa, na mimi niliyezoea kutupa kata popote nilikaripiwa mpaka nikaacha. Baba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alijifunza kukohoa kidogo nje kwanza. Sheria ya Bado ilikuwa moja: aliyesimama mle hagusi mtu wala haharakishwi. Na kazi yangu mimi ilikuwa korosho. Asubuhi nilimpangia mstari, korosho moja ya uji, moja ya rimu, moja ya kuoga, moja ya kwenda kisimani, nikimtajia kila moja. Kila jambo likipita aliiondoa korosho yake akaiweka kwenye kifuu. Nilidhani atachoka nayo kwa wiki moja. Alifanya hivyo mpaka nywele zake zikawa na mvi, na paa la nyumba ile tulilibadilisha mara sita lakini Bado hatukuigusa.

Hapo ndipo tulipopata jina la Bafuni. Jirani yetu ndiye aliyelianzisha, alisema hajaona ntu anayepitia bafuni ndipo afike sebuleni. Alicheka kwa wiki mbili. Wiki ya tatu nikamsikia asubuhi anapaza sauti kutoka upande wake wa ua, anasema natwanga jamani, natwanga sasa, na ndipo mchi wake ukashuka. Hakuna aliyemwomba.

Haikuwa raha tupu. Siku moja mbuzi aliingia Bado akakwama kwenye kona, na mdogo wangu alipiga kelele mpaka adhuhuri. Siku nyingine alitoka mbio, tukashika vichwa, kumbe amefika uani tu, akarudi. Wiki zikapita. Nilirudi shule. Lakini barua ya zahanati ilikuwa kwa mwenyekiti, baba alikuwa ameshasema ndiyo mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Mikorosho ikachanua, mabibo yakaanza kuwa mekundu. Kila nilipookota korosho nilijua nalijaza lori, na sasa nilikuwa sitaki lije.

Lilikuja asubuhi moja, tunakunywa uji. Dereva alipiga honi tatu ndefu kutangaza amefika. Honi haikuwa kwenye mstari wetu wa korosho. Mdogo wangu aliangusha bakuli akakimbia. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili, baba akasimama na bakuli lake mkononi. Mimi nilipita uani, nikazunguka nyumba mpaka barabarani nimkinge, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna mtu anayekimbia. Lori tu, mngurumo wake, na mwenyekiti anakuja kwa hatua ndefu, bahasha inaonekana kwenye mfuko wa shati.

Alipiga hodi huku anaingia, kama walivyofanya wote, akakata kona, nami nyuma yake. Akasimama ghafla. Mdogo wangu alikuwa pale, hatua mbili mbele yake, ameziba masikio, paji la uso amelisukumiza kwenye makuti, mwili mzima unatetemeka. Lori lilikuwa upande usio na tundu. Alikuwa hana namna ya kuiona honi kabla haijalia, na hata hivyo alikuwa amesimama.

"Bado," alisema, bila kugeuka.

Mama alisema kutoka ndani, "Ndugu Mwenyekiti, tafadhali mngoje. Hajamaliza."

Njia ilikuwa ya mtu mmoja. Angeweza kumbeba, ndicho alichokuja kufanya, na mabega yake yalikuwa ya kubeba magunia. Mimi nilikuwa naona mgongo wake tu. Nikauona mgongo ule unashuka, anaegemea ukuta wa udongo, anavua kofia yake anaishika mkononi. Akangoja. Nje dereva akapiga honi tena, mdogo wangu akaruka pale pale aliposimama, na mwenyekiti akageuka, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu kuelekea barabarani, akamwashiria dereva azime. Mngurumo ukakatika. Tukaendelea kungoja, sisi wawili mle njiani na wazazi ndani, na sidhani kama mtu yeyote wa kijiji kile aliwahi kumngoja mdogo wangu kwa jambo lolote kabla ya siku ile. Mkono wake mmoja ukashuka kutoka sikioni. Baadaye na wa pili. Akasugua nyayo mchangani, akakata kona, akaingia. Tukasikia bakuli linaokotwa.

Mwenyekiti alibaki pale pale. Akapiga hodi upya, kwa sauti ya chini, na safari hii akasubiri mpaka mama akasema karibu.

Hakukubali kukaa. Alitoa bahasha, akamwuliza baba barua hii aifanyeje. Nilidhani baba atamtazama mama, lakini alimtazama mtoto, aliyekuwa anarudisha bakuli kwenye alama yake ya mkaa. "Nilikubali mbele ya watu," baba alisema, na sauti ile kubwa ilikuwa imepasuka. "Nilikosea. Mtoto haendi." Mama, ambaye hakutoa chozi siku ya mikoko, akaanza kulia kwa sauti. Mwenyekiti akairudisha bahasha mfukoni, akasema basi dereva ajulishwe, asipotezewe muda. Akanitazama mimi.

Nilitoka mbio. Dereva alikuwa ameegemea mlango wa lori lake, ameshasogeza magunia ya korosho kumwandalia mtu nafasi. Akaniuliza mgonjwa yuko wapi.

"Hakuna mgonjwa," nilimwambia. "Yupo mdogo wangu, anakunywa uji, na haendi popote. Wewe nenda ukapakie korosho, na usipige honi mpaka uivuke nyumba ya mwisho."

Alinitazama juu mpaka chini, mtoto wa kike asiye na viatu anampa dereva amri. Kisha akapanda, akawasha lori, akaliondoa polepole. Nilitembea nyuma yake, nyumba kwa nyumba, mpaka ile ya mwisho, kuhakikisha hapigi.